Ng'ombe Mmoja, Begani Tisini na Tisa

Tuliteremka kutoka milima yetu ya Kivu ya Kusini mwaka wa tisini na sita, vita vilipotufikia, na kila mtu alibeba kile ambacho mkono wake ulishika kwanza. Mama alibeba sufuria yenye ugali wa moto. Mimi nilibeba kitabu cha hesabu cha sekondari kisicho na jalada. Baba alibeba kamba ya ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walibaki juu, na kwa siku tatu za mwanzo baba alitembea akiiburuta ile kamba nyuma yake kana kwamba kulikuwa na kitu mwishoni, mpaka mama alipomwambia aizungushe begani kwa sababu watu walikuwa wanaikanyaga.

Kwenye ramani safari yetu ni ya viganja viwili. Sisi ilituchukua zaidi ya mwaka. Tulivuka bonde la Ruzizi, tukakaa Burundi, tukahamia Rwanda, tukageuka kurudi nyumbani, tukakutana njiani na watu waliokuwa wanatoka huko tulikokuwa tunarudi, tukageuka tena pamoja nao. Mwishowe tulipanda lori la maharage, tukalala juu ya magunia, tukashushwa Mbarara tukiwa na alama za nyuzi za magunia mashavuni. Kutoka hapo gari lingine likatupeleka Nakivale, makazi ya wakimbizi huko huko Uganda.

Karani aliyetuandikisha alikuwa Mganda mpole aliyechoka. Aliuliza majina, akauliza umri, kisha akamwuliza baba, "Na ng'ombe, mzee? Ulibakisha ngapi kule?"

Kwetu ng'ombe hahesabiwi kwa mdomo. Ukimwuliza mfugaji atakwambia "wapo", na akiwa anajivuna atakwambia "zizi linalia". Kutaja idadi ni kuonyesha kifo njia ya kuingilia. Kwa hiyo baba alianza kuwaeleza mmoja mmoja: kulikuwa na yule mwenye paji jeupe, na mama yake, na yule aliyevunjika pembe akiwa bado ndama. Nyuma yetu foleni ikaguna kwa lugha tatu.

"Mzee," karani akasema, "mimi nataka namba. Sitaki sifa."

Nikachukua kalamu. Niliandika mbili, na juu yake, upande wa kulia, sita ndogo: 2⁶. Shuleni tulisema "ekspoza". Vitabu vya Kiswahili vinasema kipeo. Maana yake ni mbili mara mbili mara mbili, mpaka hizo mbili sita ziishe zote. Sasa hawapo tena, naweza kutaja: ni sitini na nne. Karani aliangalia, akanakili kwenye daftari lake: 26.

Tulipotoka baba akanishika mkono. "Umebataja?" akauliza; kwetu "wa" husemwa "ba".

"Sijabataja, baba. Nimebaficha."

"Na yeye ameona?"

"Ameona bengine."

Baba akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuvuke mto. Akaeleza jambo hilo kwa kila mtu katika kanda ya Rubondo, tulikopewa kiwanja, na ndani ya miezi michache nilikuwa na kazi isiyo na jina. Wazee walikuja nyumbani wakasema, "Mwalimu, nifichie bangu." Wengine ng'ombe wao walikuwa wameliwa zamani, lakini walitaka wafichwe hivyo hivyo. Nilikuwa naandika kwenye vipande vya boksi: tatu na begani mbili, tano na begani mbili. Tulisema "begani" kwa sababu ile namba ndogo inakaa pale ambapo baba alibeba kamba. Watu walivitundika vipande hivyo ukutani karibu na kalenda.

Ugumu ulikuwa kwamba siyo kila zizi linakubali kufichika. Jumapili moja kanisani niliandika idadi ya watoto wa shule ya Jumapili, maana watoto nao hawahesabiwi kwa mdomo. Niliandika tatu, begani tatu. Dada mmoja aliyekuwa anafundisha darasa la kwanza katika shule ya karibu na kisima akasimama mbele ya ubao.

"Ile ni makumi mbili na saba," akasema polepole ili wengine wasisikie. "Batoto baliingia ishirini na tisa. Babili umebatupa wapi?"

"Ishirini na tisa haina bega," nikajibu.

"Iko nayo. Andika ishirini na tisa, begani moja."

"Lakini hapo kila mutu ataona ni ishirini na tisa."

"Basi weye unaficha ao unadanganya?"

Alikuwa amesoma sekondari miaka minne huko Uvira. Nilimpenda papo hapo, kwa namna ya mtu aliyekaa miaka kati ya watu wanaokubali kila anachoandika, kisha akasahihishwa. Baada ya mwaka mmoja wa kusahihishwa nilimwambia baba kwamba nataka kuoa.

Baba yake yule dada, aliyekuja kuwa baba mkwe wangu, alikuwa shemasi na mfugaji, mtu mrefu mwenye koti la mvua alilolivaa hata wakati wa jua. Shule hakuiona. Lakini zamani, alipotangulia Uganda kabla ya familia yake, aliuza maziwa kwa miaka kadhaa kwenye kambi ya jeshi ya Makenke, Mbarara, na huko alijifunza jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kumtoa kichwani. Aliona mwanajeshi mnene, mwenye kifua kama pipa, akimpigia saluti kijana mwembamba, kwa sababu huyo mwembamba alikuwa na nyota begani. Kwa hiyo alipoona namba zangu alizielewa bila kuuliza.

"Ile ya chini ni mwili tu," aliwaambia wazee wenzake. "Nguvu iko mu bega."

Hakuna aliyempinga. Hata baba yangu alikubali.

Siku ya kuomba mchumba tulikaa chini ya turubai, upande wao na upande wetu tukitazamana, na ubao wa shule umeegemezwa kwenye nguzo katikati. Kwa desturi yetu wanaozungumza ni wasemaji wawili. Bwana harusi hafungui mdomo, na bibi harusi yuko nyuma ya pazia mpaka aitwe kuleta maziwa. Akiwapa maziwa wageni, yamekwisha. Asipoyaleta, nao wanarudi kwao. Msemaji wetu alikuwa baba yangu mdogo, mtu wa maneno mengi. Ng'ombe tulionao kweli walikuwa Endiinzi, mwendo wa nusu siku kwa miguu, kwa mfugaji mmoja rafiki wa baba, na vidole vya mkono mmoja viliwatosha vikabaki.

Msemaji wao aliandika tatu, begani tatu. "Binti yetu amesoma," akasema. "Hatuwezi kumutoa kwa kitu cha kuchekesha."

Baba mdogo akanigeukia. Nilimnong'oneza: ishirini na saba. Akaenda ubaoni, akaandika mbili, begani nne.

Ni kumi na sita, lakini baba mkwe aliona bega la nne limepita bega la tatu. Alitabasamu. "Banapanda," akamwambia jirani yake. "Bale batu bako na heshima." Na kwa kuwa mtu akifanyiwa heshima hujibu kwa heshima, akamwagiza msemaji wake ashushe. Yule msemaji akafuta, akaandika tisa, begani mbili. "Tumepunguza mu bega," akatangaza. "Tumebahurumia."

Nilinong'ona: themanini na moja. Baba mdogo alitoa leso akajipangusa shingo.

"Basi asante kwa huruma," akasema kwa sauti kubwa, "lakini sisi hatukuja kuhurumiwa." Alitembea mpaka ubaoni kwa mwendo wa mtu anayekwenda kupiga penalti. Aliandika moja. Halafu, begani kwa hiyo moja, akaandika tisini na tisa, kubwa kuliko hiyo moja yenyewe: 1⁹⁹.

Vigelegele vikapanda. Baba mkwe alisimama, akamkumbatia baba mdogo, koti la mvua likatoa sauti kama turubai la pili. Wazee wakapigana mabega. Baba yangu alilia, kwa kudhani kwamba ametoa zizi zima. Na mimi nilikaa kwenye kiti changu nikijua kwamba moja mara moja mara moja, hata ukirudia mara tisini na tisa, ni ng'ombe mmoja. Nilijua pia kwamba nyuma ya pazia kuna mtu wa pili anayejua, kwa sababu nilisikia kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

Akaitwa alete maziwa. Alitoka na kibuyu, amefunikwa kitambaa, macho chini kama inavyotakiwa. Lakini badala ya kwenda kwa wageni alipita ubaoni. Bibi harusi haruhusiwi kusema. Kuandika hakuna aliyewahi kukataza. Chini ya namba ya baba mdogo akaandika tisini na tisa, na begani sifuri. Akarudi nyuma ya pazia na maziwa yake.

Namba yoyote, isipokuwa sifuri yenyewe, ikiwekewa sifuri begani inakuwa moja. Alichokuwa ananiambia ni: nimeona, na wewe umenyamaza.

Baba mkwe alichoona ni kingine. "Sifuri mu bega!" akasema. "Mwanangu anasema huyu ni mwanajeshi asiye na nyota hata moja. Anamukataa!"

Watu wakasimama. Kiti kikaanguka. Baba mdogo alinishika mkono kwa nguvu akininong'oneza, "Nyamaza tu, kesho tutatengeneza." Lakini kesho yangu ilikuwa nyuma ya pazia na kibuyu chake kimejaa. Nikasimama, bwana harusi, nikafungua mdomo.

"Muzee," nikasema, "hajanikataa. Anasema zile namba mbili ziko sawasawa. Zote ni ng'ombe mumoja."

Baba mkwe alikwenda ubaoni, akaigusa ile tisini na tisa ya baba mdogo kwa kidole.

"Mumoja wapi?" baba mkwe akauliza. "Kuko tisini na tisa."

"Ni moja mara moja, muzee, halafu mara moja tena. Mpaka tisini na tisa. Bega inasema urudie mara ngapi. Inarudia ile ya chini, na ya chini ni moja."

"Yaani unaleta ng'ombe, halafu unaleta ule ule?"

"Ndiyo, muzee."

"Halafu ule ule tena?"

"Ndiyo."

Baba mdogo alikuwa anajaribu kupotea ndani ya suti yake. Baba yangu alisema kwa aibu kwamba tutaongeza, ng'ombe wote walioko Endiinzi wataletwa. Baba mkwe akainua mkono. Alikuwa amesimama, amekumbatia mtu mbele ya watu, amesema ndiyo kwa kinywa chake. Sasa aseme kwamba alidanganywa na chaki?

"Hamutaongeza kitu," akasema. "Nilikubali moja begani tisini na tisa. Niletewe moja begani tisini na tisa. Ataleta ng'ombe. Atamurudisha. Atamuleta tena. Siku ya tisini na tisa atachukua bibi."

Nilidhani anatania. Kisha pazia likafunguka, na yule dada akatoka na kibuyu, akaja moja kwa moja kwangu, akanipa maziwa.

"Ile njo hesabu yenyewe," akanong'ona. "Anza."

Hivyo ndivyo nilivyotumia zaidi ya miaka miwili ya ujana wangu. Ijumaa nilikuwa natoka Mbarara, nilikokuwa nauza kalamu na madaftari karibu na kituo cha mabasi, nalala Endiinzi. Jumamosi asubuhi namfunga ng'ombe wetu kwa ile kamba ya baba na kutembea naye mpaka Rubondo. Tulifika saa nane au saa tisa. Baba mkwe alikuwa anasubiri mlangoni amevaa koti, anamzunguka ng'ombe, anamgusa nundu, anasema, "Mumefika. Muko bazuri," kama vile hajawahi kutuona. Wanawake waliimba, mara ya kwanza wimbo mzima, mara ya kumi ubeti mmoja, mara ya thelathini kiitikio tu. Jumapili baada ya ibada nilimrudisha. Mchumba wangu aliandika nyuma ya mlango kwa chaki: moja, na begani namba ya safari. Kila juma alifuta bega na kuandika jipya. Moja ilibaki pale pale.

Njiani kila mtu alitujua. Siku moja lori la wanajeshi kutoka Makenke lilikuwa limeegeshwa pembeni, na mmoja akanisimamisha.

"Wewe! Juma iliyopita ulipita na hii ng'ombe unaenda kule. Kesho yake ukarudi nayo. Leo tena unaenda. Ulimuiba wapi?"

"Sikuiba, afande. Ni mahari."

"Mahari ya wanawake ngapi?"

"Mmoja."

"Na kila juma anakataa?"

"Hapana, afande. Kila juma anakubali."

Wakashuka wote kusikiliza. Nilieleza ubao, nikaeleza bega. Mkubwa wao, mwenye nyota, alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, halafu akajigusa begani. "Huyo mzee iko na akili mingi," akasema. "Mpelekee saluti yangu." Niliipeleka. Baba mkwe aliipokea amesimama wima, na kwa mwezi mzima aliisimulia kanisani kwenye matangazo.

Safari ya arobaini na moja ndiyo iliyotaka kuniua. Ng'ombe alizaa njiani, chini ya mgunga, nikafika Rubondo nimebeba ndama shingoni. Wanawake waliimba wimbo mzima tena. Lakini yule msemaji wao, ambaye sasa alikuwa anajiita mtaalamu, alisimama mbele ya mlango wenye chaki akatikisa kichwa.

"Ya chini imebadilika," akasema. "Ilikuwa moja. Sasa bako babili. Na bega iliyobaki ni hamsini na nane."

Mbili, begani hamsini na nane. Nilikaa chini na daftari la biashara, nikaanza kuzidisha: mbili, nne, nane, kumi na sita. Nilipofika begani ishirini nilikuwa nimepita milioni. Nilijaza ukurasa. Namba iliyotoka mwishoni ilikuwa na tarakimu kumi na nane, na kalamu niliyokuwa naiuza ikaisha wino kabla ya tarakimu ya mwisho. Ng'ombe hao wakisimama bega kwa bega hawangetosha Uganda, hata wakipandishwa juu ya ziwa.

"Muzee," nikamwambia baba mkwe, "ng'ombe kama bale Mungu hajaumba."

"Ataumba," akajibu msemaji. "Shida yake iko nini?"

Baba mkwe alikuwa ananiangalia mimi, siyo daftari. Nadhani hata yeye aliona kwamba amefika mahali ambapo bega lingemvunja mkwe wake. Lakini hakujua pa kurudia. Mchumba wangu alitoka jikoni na unga mikononi.

"Baba," akasema, "ndama abakie hapa. Akimaliza kunyonya, ng'ombe atarudi Endiinzi peke yake. Kila akianza njia ni mumoja, na kila akifika ni mumoja. Ya chini haijaguswa."

"Na ndama ni wa nani?"

"Ndama hatumuhesabu, baba. Si weye ulitufundisha?"

Baba mkwe alicheka mpaka akashika nguzo. Msemaji alikwenda zake na utaalamu wake. Kwa kuwa ndama alikuwa bado ananyonya, tulimwacha ng'ombe alale Rubondo juma baada ya juma bila kurudi. Safari zikasimama mpaka ndama alipoweza kula majani. Nilikuja hata hivyo kila Jumamosi, bila ng'ombe, na baba mkwe alinizunguka na kunigusa bega kwa mazoea.

Tulifika tisini na nane siku ya mvua. Tulikuwa tumelowa, mimi na ng'ombe. Baba mkwe alinitengea kiti ndani, akakaa karibu nami, akavua lile koti. Sikuwahi kumwona bila koti. Bila hilo alionekana mtu mdogo.

"Ya tisini na tisa usilete," akasema.

Nilidhani ameghairi.

"Bibi yako chukua. Harusi tufanye mwezi huu. Lakini ng'ombe akae kwako Endiinzi. Ukimaliza kuleta, hutakuja tena. Bakimaliza kuleta habakuji tena. Bakwe bangu batatu balimaliza, bakaenda."

Nilimtazama mchumba wangu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na chaki. Hesabu ilikuwa yake kuliko yangu.

"Tisini na nane ao tisini na tisa," akasema, "ni sawasawa. Baba hajapoteza kitu." Lakini hakufuta namba. Ilibaki pale nyuma ya mlango.

Tukaoana. Tuliishi Rubondo, kisha Mbarara, kisha Rubondo tena, kwa kuwa mimi ni mtu nisiyetulia na mke wangu alichoka kuuliza sababu. Ndama akawa ng'ombe, akazaa, zizi la baba mkwe likawa linalia. Watu wakimwuliza ana ng'ombe wangapi, alisema hana hata mmoja, mahari bado haijaisha. Mimi kila mwezi nilipita kumsalimia, na kila mara aliniuliza, "Ule wa tisini na tisa hajambo?"

Halafu, baada ya miaka mingi ya kusubiri, majina yetu yalitoka kwenye orodha ya watu wa kuhamia ng'ambo. Basi lingetuchukua asubuhi ya Jumatatu. Siku ya Jumamosi nilikwenda Endiinzi. Ng'ombe alikuwa mzee sasa, na pembe moja imechakaa, lakini alipoiona kamba alisimama mwenyewe akaanza njia. Sikumvuta. Nilitembea nyuma yake.

Baba mkwe alituona tukiwa mbali. Alivaa koti. Alimzunguka ng'ombe, akamgusa nundu. Hakuna aliyeimba, maana hatukumwambia mtu.

"Mumefika," akasema. "Muko bazuri."

Mke wangu alifungua mlango, akafuta nane kwa kidole, akaandika tisa.

Jumatatu basi lilisimama karibu na kisima na watu wote walikuwepo, isipokuwa baba mkwe. Nilidhani hakuweza. Tulipoanza kuondoka, mke wangu alinivuta mkono na kuonyesha dirishani. Kwenye njia ya Endiinzi alikuwa anakwenda yule ng'ombe, ambaye miaka yote hiyo alijua kwamba akishalala Rubondo anarudishwa, na nyuma yake, ameshikilia kamba ya baba yangu kwa mikono miwili, koti likipepea, alikuwa baba mkwe, anavutwa. Alituona. Hakuweza kuachia kamba apunge mkono, kwa hiyo alipaza sauti.

"Ninamurudisha!" alipiga kelele. "Mutakuja kumuleta!"

Nilijigusa begani, nikainua mkono nikampigia saluti, nikaushikilia hivyo mpaka vumbi la basi likawafunika.